Msimwite Mathe Shujaa, Mlipeni

Mwaka juzi nililipwa shilingi 8,000 kumwita mathe shujaa.

Shirika moja lilitaka stori ya Aprili, mwezi ambao kila mtu hukumbuka usonji, na mhariri wao akanipigia akitaka "sauti ya kutoka ndani ya familia, yenye matumaini." Maneno 800, shilingi kumi kwa neno. Kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili na ambaye kazi zake nyingi ni kuwaandikia wauza viatu wa mtandaoni maelezo ya soli, hiyo ilikuwa doo ya maana. Niliimaliza usiku mmoja. Niliandika kwamba mathe huamka jogoo akiwika (hatuna jogoo Kariobangi South, lakini sentensi ilikubali), kwamba aliacha biashara yake Gikomba kwa ajili ya mwanawe, kwamba upendo wa mama hauna bei. Walikuja wakampiga picha na leso mpya waliyomletea wenyewe. Chini ya stori watu wakajaza mioyo na viganja vya maombi.

Mathe aliisoma kwa simu yangu, polepole, akanirudishia.

"Umeandika vizuri. Lakini hapa unaposema upendo hauna bei, wewe wamekulipa ngapi?"

Nikamwambia.

"Hiyo ni miezi minne ya Bosi," akasema, akaenda kuanua nguo.

Bosi ni mdogo wangu. Si jina lake, ni mtaa ulimpa, kwa sababu hutembea mikono nyuma akikagua milango ya watu kama landilodi. Ana miaka 14. Haongei kwa maneno. Anapenda mashine ya kushona ya jirani wa chini, anaweza kuisikiliza asubuhi nzima, na chapati lazima imfikie ikiwa nzima. Ukiikata, siku hiyo imeisha. Nisichoandika kwenye ile stori ni kwamba bado anavaa daipa za watu wazima usiku, kwamba kuna wiki analala saa tisa za usiku na mathe analala naye saa hizo hizo, na kwamba amemzidi mathe urefu kwa kichwa kizima. Zamani akilipuka mathe alikuwa akimkumbatia mpaka atulie. Sasa hawezi kumshika. Ninayeweza kumshika ni mimi, na ndiyo maana naandika usiku, nyumbani, viatu vya mtandaoni.

Miezi minne ya Bosi ni hivi. Pesa za Inua Jamii kwa watu wenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiwango kimekaa hapo kwa zaidi ya miaka kumi, huku unga, fare na kodi ya nyumba vikipanda bila kungojana. Aghalabu huja za miezi miwili pamoja, 4,000, na zikichelewa zinakuta deni la duka limeshazingoja mlangoni. Kikao kimoja cha tiba ya usemi, pale tulipokuwa tukimpeleka Bosi kabla hatujashindwa, kilikuwa 2,000. Dakika 45. Yaani mwezi mzima wa serikali unaisha kabla mtoto hajavua viatu. Na tulio kwenye orodha ni wenye bahati: kwa miaka mingi mpango ulibaki kwa kaya zipatazo 47,000, katika nchi ambayo sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 900,000 wenye ulemavu. Si wote hao wanaohitaji uangalizi wa saa zote, najua. Lakini usiniambie waliobaki wote wanajiweza. Sisi tulingoja miaka mitatu jina liingie.

Nina hasira na kiasi hicho, lakini kilichonikasirisha zaidi ni maelezo ya mpango wenyewe kuhusu nani anastahili. Anayestahili ni mtu anayehitaji uangalizi wa kudumu: kulishwa, kupelekwa choo, kulindwa dhidi ya hatari inayotoka kwake mwenyewe, kwa watu wengine au mahali alipo. Halafu kuna kipande nilichokisoma mara tatu. Kinasema msaada anaouhitaji kila siku ni mzito kiasi cha kumfanya mzazi au mlezi wake abaki nyumbani, au karibu naye, muda wote.

Muda wote. Waliandika wenyewe. Wanajua mathe hawezi kwenda kazini, tena kutokwenda kwake ni sehemu ya kipimo wanachotumia kuamua kama Bosi ni mgonjwa wa kutosha kwenye makaratasi yao. Kisha wakapiga hesabu ya mtoto, na ya mlezi wakaiacha.

Tuipige sisi. Agizo la mishahara la Kenya lina kundi la kazi za kawaida, na ndani yake ametajwa yaya wa watoto, pamoja na mfagiaji na bawabu wa mchana. Novemba 2024 kima cha chini cha kundi hilo Nairobi kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Kwa hiyo mathe akivuka barabara leo akalee mtoto wa jirani, sheria inamjua, ina bei yake mpaka senti. Akirudi kumlea wake, mwenye kazi mara tatu na asiyelala, sheria inamwita mama. Ningependa mtu wa wizara anieleze tofauti bila kutumia neno upendo.

Na kazi yenyewe hawaoni tu nyumbani. Bosi alipofika umri wa shule tulimpeleka kupimwa, tukaandikiwa barua, tukapata shule ya umma yenye kitengo. Kitengo kilikuwa mwalimu mmoja na watoto kumi na saba. Walimkubali kwa sharti kwamba mathe aje naye na akae naye darasani. Akakaa miaka miwili. Alimvalisha, alimlisha, alimkimbiza uwanjani, na kwa kuwa alikuwa pale akaanza kuwasaidia na wengine, mpaka watoto wakawa wanamwita mwalimu. Hakuna aliyemlipa hata nauli. Hii si ajabu. Karibu kila kitu tulicho nacho nchi hii kuhusu usonji kilianza kwa wazazi kujitolea. Hata kile kitengo cha shule ya City, Ngara, ambacho watu hukitaja kama mfano, kilianza 2003 kwa msukumo wa wazazi wenyewe. Tunawapongeza. Kupongeza ni rahisi, haihitaji bajeti.

Kabla hujamaliza hadithi kichwani: hapana, buda hakutoroka. Yuko mjengo Athi River, anarudi Jumamosi jioni, anatuma alichopata. Najua stori za kina baba waliotoroka ni nyingi na ni za kweli, lakini zimekuwa pahali pa kujificha. Ukisema tatizo ni wanaume watoro, basi serikali imetoka kwa stori. Sisi tuna baba, na bado haitoshi.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, mathe alitoka na Bosi kwenda kliniki. Karibu na Donholm matatu ikakwama kwa jam, dereva akaongeza muziki, Bosi akaanza kupiga kichwa kwa dirisha. Abiria mmoja akasema mtoto wa miaka hiyo anahitaji kiboko. Makanga akawashusha, kwa heshima kusema kweli, akarudisha na nauli. Mathe akatembea naye kwa miguu mpaka nyumbani juani, akiwa amemshika mkanda wa suruali ili asiruke barabarani. Jioni ile alianguka jikoni. Tulipompima presha ilikuwa 180 juu ya 110. Nesi akamwangalia kwa huruma ya kweli, akamwambia, "Mama, punguza mawazo."

Nilitaka kumuuliza ayapunguze kwa kumpa nani.

Baadaye, kwa sababu ya ile stori yangu, akaalikwa kwenye semina ya walezi katika hoteli moja Westlands. Mada ilikuwa afya ya akili ya mlezi. Saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Walifundishwa kupumua. Walifundishwa kujipenda kwanza, kunywa maji, kutenga muda wao wenyewe kila siku, hata nusu saa tu. Mwezeshaji aliwaambia huwezi kumimina kutoka kikombe kitupu. Watoto hawakuruhusiwa, kwa hiyo nilikaa na Bosi. Mathe akarudi na fulana ya bluu, chupa ya maji na shilingi 500 za usafiri, uso wake ukiwa mwepesi kuliko nilivyouona kwa miezi. Nikadhani nimekuwa na dharau bure, labda kule kupumua kunasaidia.

"Ilikuwaje?"

"Nilikula chakula kikiwa moto," akasema.

Nikangoja yaliyobaki. Hayakuwepo. Alikuwa amekaa chini na sahani ya pilau na hakuna aliyemvuta, akala mpaka mwisho, na hajui mara ya mwisho ilikuwa lini. Baada ya mlo, alisema, alisinzia kidogo wakati wa kipindi cha hisia.

Hapo ndipo niliacha kuamini karibu kila kinachoandikwa kuhusu ustawi wa wazazi wa watoto wenye usonji, nilichoandika mimi kikiwemo. Kilichomsaidia mathe siku hiyo ni saa saba ambazo mtu mwingine alikuwa na Bosi. Kupumua angepumua tu. Anachokosa ni saa, na saa za mtu mzima zinauzwa, zina bei, nimeshaitaja hapo juu. Gharama ya ile hoteli, ukumbi, mwezeshaji, fulana na chai ya saa nne, ingemlipa mtu wa kumsaidia mathe siku mbili kwa wiki kwa miezi. Lakini hilo halipigwi picha. Mama akilala usingizi mchana haonekani shujaa, anaonekana mama aliyelala.

Nimesikia upande mwingine. Nimesoma watu wazima wenye usonji wakisema wamechoka na wazazi wanaozungumza juu yao kama ajali iliyoipata familia. Wako sawa, na ile stori yangu ya elfu nane ilikuwa na dhambi hiyo pia: Bosi alikuwa ndani yake kama msalaba, mathe kama mbebaji. Bosi si msalaba. Ni kijana anayetaka chapati nzima na kelele chache. Lakini mlezi akiachwa peke yake, anayeumia kwanza ni mtoto. Mtaani kwetu kulikuwa na mama wa kufua nguo za watu. Akitoka asubuhi alikuwa akimfunga mwanawe kamba mguuni, imeshikwa na kitanda, maji na mkate kando. Siku moja majirani wakavunja mlango, wakarekodi video, wakataka ashtakiwe. Nilikuwa pale. Tulimtukana wote. Hakuna hata mmoja wetu, wala mimi ninayejua, aliyesema kesho ataamka akae na yule mtoto ili mama aende kufua. Sikatai kwamba kamba ni ukatili. Nasema ilikuwa bei ya siku moja ya kufua, na sisi wote tulikuwa tumeikataa kuilipa kabla yake.

Sasa utaniambia serikali haina pesa. Na ukisikia nchi nyingine zinalipa walezi utadhani nazungumzia Ulaya. Nazungumzia Afrika Kusini. Huko kuna ruzuku inayolipwa mlezi wa mtoto mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji uangalizi wa kudumu, mpaka mtoto afike miaka 18, zaidi ya randi 2,000 kwa mwezi. Igeuze iwe pesa zetu ni zaidi ya 14,000. Kipato cha familia kinapimwa, si kila mtu anapewa, na wenyewe wanalalamika haitoshi. Natamani tungekuwa tunalalamika kutoka hapo.

Sisi tuna Katiba. Ibara ya 43 inasema Dola itawapa hifadhi ya jamii inayofaa watu wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Haijasema itawapa moyo. Tuna pia msamaha wa kodi: tangu amri ya 2010, mtu mwenye ulemavu anayepata kipato halipi kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Jambo zuri, na wanaolipata walilipigania. Lakini Bosi ana miaka 14, hana mshahara. Na hata ukimpa mathe msamaha huo huo kesho, utamsamehe kodi ya nini? Aliacha kupata siku aliyofunga kibanda Gikomba. Misaada yetu mingi imepangwa hivyo, inamfikia aliye na kazi kwanza. Mei 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003, tukashangilia, mimi nikapakua kurasa zote. Pesa zilipokuja tena mathe alifungua ujumbe wa simu. Elfu nne. Za miezi miwili.

Wengine husema wakipewa pesa taslimu watazila. Hii huisemwa na watu waliokunywa chai ya semina. Sawa, niseme mathe anavyozila. Ana kitabu cha hesabu, cha kurasa 48, tangu siku za Gikomba. Elfu nne za mwisho: daipa pakiti mbili 1,800, deni la duka 1,200, nauli ya kliniki 400. Zilizobaki 600 alinunua dawa za presha. Zake. Kwa hesabu kali hizo ni pesa za mtoto alizotumia mtu mzima. Njooni mumkamate.

Ninachotaka hakihitaji kamati. Ile 2,000 ibaki ya Bosi, ipande ifuate bei za leo. Mlezi awe na malipo yake, kwa jina lake, yaanzie kwenye kile kima cha chini ambacho serikali imeshakipanga kwa yaya. Na kila wadi iwe na pahali pamoja, hata chumba cha shule ya msingi saa za mchana, pa kumwacha kijana kama Bosi siku mbili kwa wiki na watu wanaolipwa kumwangalia. Hilo la tatu pekee lingefanya kazi kuliko fulana zote za bluu za tarehe 2 Aprili tangu dunia ianze kuiadhimisha 2008.

Na mimi, je? Niliacha chuo mwaka ambao karo yangu na vikao vya Bosi vilikutana kwenye bahasha moja. Hakuna aliyenilazimisha. Nilisema nitarudi, na kuna siku namchukia aliyesema hivyo kwa urahisi. Nina miaka 26. Mathe ana 49 na presha. Hatujawahi kuizungumza kwa maneno, lakini kila mtu nyumbani anajua Bosi atakuwa wa nani. Nampenda. Siku moja shirika fulani litatuma mtu aniandike, kaka shujaa, na litamlipa vizuri. Nitamuuliza kwa neno ngapi.

Jarida hili pia litanilipa kwa makala haya. Tumeshakubaliana, nusu ni ya mathe. Nilidhani atasema daipa. Amesema Jumamosi ataenda Gikomba asubuhi na mapema wakati wanafungua marobota, aone bei zimefika wapi na nani bado yuko. Hanunui kitu, anataka kuona tu. Nitakaa na Bosi kuanzia saa kumi na moja alfajiri.